Amana ya Kitu Kilichofichwa

Mtu anayejenga nyumba hujenga nyumba mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile ionekanayo: kuta zilizopigwa lipu na kupakwa rangi, milango, madirisha na paa. Ya pili ni ile iliyofunikwa: msingi ulio chini ya udongo, nondo zilizo ndani ya zege, nyaya zilizo ndani ya kuta, na mabomba ya maji pamoja na viungo vyake. Wageni huisifu nyumba ya kwanza. Wenyeji huishi kwa rehema ya nyumba ya pili. Hapana mtu aliyepata kusifiwa kwa kiungo cha bomba kilichozikwa ukutani, na kwa sababu hiyo kiungo hicho ni mizani njema ya kumpimia mwanadamu. Afanyaye vizuri mbele za watu huenda anatafuta sifa; afanyaye vizuri mahali ambapo sifa haiwezi kumfikia hana analolitafuta ila wema wenyewe.

Swali basi ni hili: mtu ana wajibu gani juu ya kitu ambacho jicho la mwenziwe haliwezi kukifikia? Swali hili ni la zamani, lakini katika nyanda za kati za Tanzania, ambako maji ni mali na tone lipoteapo ni hasara, lina uzito ambao mahali penye mito mingi huenda lisiwe nao.

Shaba ni madini yenye heshima kubwa katika nchi za Waswahili. Milango ya Unguja ilipambwa kwa vichwa vya shaba. Masinia, mabuli na vyetezo vya shaba vilirithishwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Na siwa ya Lamu, iliyopulizwa katika sherehe za wakubwa, ilitengenezwa kwa shaba. Heshima hiyo ilitokana na uzuri wa rangi yake, na zaidi ilitokana na uaminifu wake. Chuma huliwa na kutu hadi kikawa vumbi, lakini shaba hufifia tu, na ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hurudia mng'ao wake. Kwa hiyo mtu aendapo dukani leo kununua koki au kiungo, akaambiwa kuwa ni cha shaba, moyo wake hutulia. Anaponunua kile kipande ananunua pia sifa iliyojengwa kwa karne nyingi.

Lakini shaba ya manjano, ambayo mafundi huiita brasi, si kitu kimoja. Ni ndoa ya madini mawili: shaba nyekundu na zinki. Viungo vingi vya maji hufanywa kwa mchanganyiko wenye kiasi cha asilimia 60 ya shaba nyekundu na karibu asilimia 40 ya zinki, pamoja na risasi kidogo inayowekwa ili madini yakatike kwa urahisi katika mashine. Zinki ni rahisi kuliko shaba nyekundu, na mchanganyiko wenye zinki nyingi hutengenezeka upesi ukiwa wa moto. Ndoa hii ina faida nyingi, lakini ina siri moja. Zinki ni dhaifu mbele ya maji fulani. Maji yenye chumvi nyingi, au yaliyolala ndani ya bomba bila kutembea, au yaliyopashwa moto, huweza kuitoa zinki kidogo kidogo na kuiacha shaba nyekundu peke yake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa hatari hiyo hutegemea sana uwiano baina ya chumvi ya kloridi na ugumu wa maji, pamoja na ukali au upole wa maji yenyewe.

Namna ya maangamizi haya ndiyo inayostahili kutafakariwa. Chuma kikiliwa na kutu huvimba, hubadilika rangi, hupukutika. Hutangaza ugonjwa wake kwa kila apitaye. Shaba iliyonyang'anywa zinki haifanyi hivyo. Umbo lake hubaki vile vile. Kipenyo chake hakipungui. Mikato ya skrubu hubaki mahali pake. Labda rangi ya manjano hugeuka kuwa nyekundu kidogo, au unga mweupe huonekana kwenye maungio; lakini aghalabu hayo yote hutokea upande wa ndani, ambako hakuna atazamaye. Kinachobaki ni mfano wa sifongo: kitu chenye sura ya kiungo na vipimo vya kiungo, kisicho na nguvu ya kiungo. Siku moja fundi hukigusa kwa spana, nacho hukatika kama kipande cha muhogo mkavu. Au usiku maji yanaporudi kwa kishindo baada ya mgao, nacho hupasuka, na wenye nyumba huamka wakiogelea.

Uko na udhaifu wa pili. Kipande cha shaba kilichokazwa kupita kiasi, au kilichoundwa kwa nguvu bila kupumzishwa tena katika moto wa wastani, hubaki na mvutano ndani yake. Kikikutana na mvuke wa amonia na unyevu, hupasuka ghafula. Jeshi la Waingereza katika India lilijifunza jambo hilo kwa gharama: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka wakati wa masika bila kuguswa na mtu, kwa sababu mkojo wa wanyama ulitoa amonia, na maganda yalikuwa na mvutano uliofichwa. Wataalamu wakauita ugonjwa ule ufa wa msimu. Mwaka 1921 walichapisha uchunguzi ulioeleza sababu yake, na dawa ikawa ni kuyapasha maganda moto kiasi ili mvutano ule ulegee. Hivyo kitu kinaweza kuvunjika kwa kupungukiwa na kilicho ndani yake, na kinaweza pia kuvunjika kwa kubanwa kuliko kinavyostahimili. Yeyote aliyeishi na watu anajua kuwa mambo hayo mawili hayahusu madini peke yake.

Itazamwe sasa nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya wastani wa baina ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka baina ya Desemba na Aprili. Maji mengi ya sehemu hizi hayaendi baharini. Huteremka kwenye mabonde yasiyo na mlango wa kutokea, kama mbuga ya Bahi, na jua likiyakausha huacha chumvi yake ardhini. Huko Singida, maziwa ya Singidani na Kindai ni ya maji ya chumvi. Kwa hiyo wakazi wa nyanda hizi huyatambua maji kwa ulimi: kisima hiki kitamu, kile cha chumvi, kile cha kufulia tu. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, upande wa kaskazini. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi; mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia huko kwa kasi; mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji; na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hilo. Nyumba ziliota kama uyoga baada ya mvua, kutoka Area D na Kisasa hadi Ilazo, Nkuhungu na njia ya Mtumba. Mahitaji ya maji yalizidi, mgao ukawa desturi katika mitaa mingi, na waliokosa bomba wakachimba visima vyao wenyewe.

Katika hali hiyo kiungo cha shaba hupata majaribu yote kwa pamoja. Pengine hunywa maji ya chumvi ya kisima cha uani. Maji hulala ndani yake siku kadhaa wakati wa zamu ya mtaa mwingine. Kisha hupigwa na nguvu ya maji yanayorudi kwa ghafula. Tena, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi hutumia mabomba ya plastiki, shaba imefichwa mara mbili: kwanza ndani ya ukuta, kisha ndani ya kiungo cha plastiki, ambako huonekana pete nyembamba tu yenye mikato ya skrubu. Mnunuzi huiona ile pete iking'aa, na kung'aa ndiko kunakomhadaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa kibaya nacho chajiuza, kwa sababu kimevaa nguo za kizuri.

Lau kama hapana njia ya kuzuia msiba huu, pasingekuwa na swali la maadili; pangekuwa na bahati mbaya tu, nayo bahati mbaya hailaumiwi. Lakini njia ipo, na imejulikana kwa muda mrefu. Mchanganyiko ukipangwa vyema, na ukiongezwa aseniki kidogo sana, chini ya sehemu moja katika elfu, zinki haitoki kwa urahisi. Na kipimo kipo: kipande hukatwa, hutiwa katika maji yaliyochanganywa na kloridi ya shaba, hupashwa moto wa nyuzi 75 kwa muda wa saa 24, kisha hutazamwa kwa hadubini ili ijulikane ugonjwa umepenya kiasi gani. Kazi ya siku moja huonyesha yale ambayo ukuta ungeyaficha kwa miaka kumi. Basi tofauti ya kiungo kizuri na kibaya inajulikana na mtu fulani, mahali fulani. Si siri ya Mungu; ni siri ya watu.

Ni ya nani siri hiyo? Kiwanda hujua kilichomimina katika tanuri. Mwagizaji hujua bei aliyolipa, na bei husema neno. Mwenye duka hujua ni mali gani hurudishwa na wateja wenye hasira. Fundi bomba hujua ni kiungo gani alikitoa kikiwa chekundu na kimeoza. Mwenye nyumba hujua kuwa alichagua cha bei ya chini, hasa akijua kuwa atapangisha na hatalala humo yeye. Mpangaji hajui kitu, naye ndiye anayefagia maji. Kila mmoja katika safu hiyo akiulizwa humnyoshea kidole aliye nyuma yake. Lawama ikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja huiona ndogo kiasi cha kuweza kulala nayo. Lakini maji yaliyomwagika hayakugawanyika. Yote yalimwagika katika chumba kimoja.

Shauri hili liliwahi kujadiliwa na wenye hekima wa kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, mwanafunzi wake. Mtu anauza nyumba. Yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba mbao zake ni mbovu na vyumba vyake vina nyoka. Je, akinyamaza akauza kwa bei kubwa, ametenda dhuluma? Antipater alisema ametenda, kwa kuwa kumwacha mtu aangamie kwa kutojua ni sawa na kumkatalia njia aliyepotea. Diogenes alijibu kwamba kuficha ni jambo moja na kutosema ni jambo lingine. Muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Cicero aliwapa haki wale wanaodai kusema. Kwake yeye, kuficha ni kumwacha mwenzio gizani kwa faida yako, katika jambo unalolijua wewe, ambalo yeye angependa kulijua. Katika pwani ya Waswahili sheria ya Kiislamu nayo ilifundisha kitu cha jamaa hiyo, kwamba mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichwa katika bidhaa ana hiari ya kuirudisha.

Hoja ya Diogenes ina nguvu yake, wala si haki kuipuuza. Mwenye duka wa Majengo ataweza kusema: mimi si mtaalamu wa madini; niliuziwa kama shaba, nikauza kama shaba. Fundi atasema: mimi hulipwa kwa siku, mteja ameniletea kiungo mkononi, na nikikikataa ataitwa fundi mwingine. Mjenzi maskini atasema: fedha niliyo nayo yatosha kiungo hiki, haitoshi kile, je, watoto wangu waendelee kubeba ndoo hadi nitakapopata cha bora? Maneno haya si ya wahalifu. Ni maneno ya watu wa kawaida waliobanwa, na kama ilivyoonekana, hata shaba ikibanwa mno hupasuka.

Walakini hoja hizo zikichunguzwa vizuri, zinathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba wajibu haulingani kwa wote. Hazithibitishi kwamba wajibu haupo. Kipimo cha haki hapa ni elimu: kila mtu anadaiwa kwa kadiri ya anavyojua na kwa kadiri ya anavyoweza kujua bila mashaka makubwa. Maskini anayenunua cha rahisi kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, akijua kuwa ni cha rahisi, hakumdhulumu mtu. Mwenye nyumba ya kupangisha anayenunua kile kile, na kukizika katika ukuta wa mtu mwingine atakayelipa kodi, amekwisha ingia katika deni. Fundi hawezi kulaumiwa kwa asichokiona; lakini alichokwisha kukiona mara kumi, akanyamaza mara ya kumi na moja, kinakuwa chake. Mwenye duka hakuumbwa na hadubini machoni. Lakini anaweza kuuliza, na kutouliza kwa makusudi ni namna ya kujua. Na kiwanda hakina udhuru wowote, kwa sababu hakuna aliyemimina madini asijue alichokimimina.

Iko tofauti nyingine kubwa baina ya mali hii na mali nyingine nyingi, nayo ni wakati. Embe bovu hujulikana siku ile ile, na muuzaji yupo pale pale. Kiungo kibovu hujulikana baada ya miaka, ambapo risiti imepotea, duka limehama, na fundi hajulikani aliko. Sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa hudai mali iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Na Shirika la Viwango, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lipo ili alama yake iseme badala ya jicho la mnunuzi. Msaada huo si mdogo. Lakini sheria hufika baada ya msiba, na alama yaweza kughushiwa. Nchi kubwa nazo hazikusalimika. Huko Marekani na Kanada, mabomba ya aina moja yaliyowekwa na viungo vya shaba yenye zinki nyingi yaliharibu majumba mengi, hata mwaka 2011 mahakama zikaidhinisha fungu la dola milioni 125 kwa ajili ya wadai. Fedha hiyo ni nyingi, lakini fedha hulipa ukuta tu. Hailipi imani ya mtu aliyefikiri kuwa nyumba yake ni salama.

Tena yapo madhara yasiyobomoa ukuta. Ile risasi iliyotiwa ili shaba ikatike vizuri huweza kuingia katika maji ya kunywa, hasa maji yaliyolala bombani usiku kucha. Risasi haina harufu wala ladha, na huharibu akili za watoto wadogo. Marekani, tangu Januari 2014, imeweka kikomo cha asilimia 0.25 ya risasi katika sehemu za viungo zinazogusa maji ya kunywa. Mzazi anaweza kumwonya mtoto asichezee moto. Hawezi kumwonya juu ya kitu asichokijua yeye mwenyewe. Hapo kunyamaza kwa mwenye kujua si biashara tena. Ni kumlia mtoto sehemu ya maisha yake kabla hajajua kuhesabu.

Basi nini kifanyike na watu wa kawaida, wasio na tanuri wala mahakama? Mambo manne yako mikononi mwao. Fundi akiondoa kiungo kilichooza, asikitupe. Amwonyeshe mwenye nyumba, na amwambie maji yale yamefanya nini na aina ile ya kiungo, maana kinywa cha fundi ni kitabu cha wasiosoma. Mwenye duka atenge mali kwa ubora, na amwambie mteja wazi kuwa hiki ni cha rahisi kwa sababu hii. Mteja akikitaka hata hivyo, amechagua kwa macho yake. Mjenzi asizike viungo mahali pasipofikika, bali aache kidirisha kidogo ukutani, ili kilichofichwa kipate kukaguliwa. Na mwenye nyumba ajue maji yake kabla ya kujua rangi za kuta zake, kwa maana maji matamu na maji ya chumvi hayadai madini yale yale. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyo hilo humfaa aliyeuona ufa. Kwa ufa usioonekana, wa kwanza kuuziba ni yule anayejua kwamba upo, na namna yake ya kuuziba ni kusema.

Mwisho, kiungo cha shaba kilichopoteza zinki huleta swali linalozidi bomba. Je, bado ni shaba? Kwa jina ni shaba. Kwa umbo ni shaba. Mtu akikipima kwa rula, kipimo hakibadiliki. Kilichotoka ni sehemu ile dhaifu iliyoonekana kuwa ya thamani ndogo, na kumbe hiyo ndiyo iliyoshikamanisha yote. Jamii ya watu nayo ina sehemu kama hiyo: neno dogo la kweli ambalo muuzaji angeweza kulisema asiliseme, kazi ndogo ambayo fundi angeweza kuirudia asiirudie. Vikitoka hivyo kidogo kidogo, mji hauanguki siku hiyo. Maduka hufunguliwa, nyumba hupakwa rangi, mikataba hutiwa sahihi, na kila kitu huonekana kama kilivyokuwa jana. Lakini kila mtu huanza kumshuku kila mtu, hununua mara mbili kitu cha mara moja, na humlipa mlinzi amlinde fundi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokula shaba kilikuwa ndani ya shaba. Amana hulindwa kwa kitu kile kile ambacho mwizi wa amana hukiona hakina faida: uangalifu wa mtu mmoja, katika kazi moja, mahali ambapo hapana atakayejua ila yeye.